Maabara au Afya ya Jamii: Nisomee Wapi Shahada ya Uzamivu?

Ndugu Mshauri,

Ninafanya kazi katika maabara ya mikrobiolojia ya hospitali, na nina shahada ya uzamili katika baiolojia ya molekuli. Kazi yangu ya kila siku ni kuotesha bakteria kutoka kwenye sampuli za mkojo, damu na usaha, kisha kupima ni dawa zipi bado zina nguvu dhidi yao. Bakteria hupakwa kwenye pleti ya agari, diski ndogo za karatasi zenye dawa hupangwa juu yake, pleti hukaa usiku kucha katika joto la nyuzi 35, na asubuhi ninapima kwa rula upana wa duara tupu lililozunguka kila diski, yaani pale dawa ilipowazuia bakteria kuota. Siku hizi ninakutana na pleti nyingi ambazo hazina duara lolote, bakteria wameota hadi kwenye ukingo wa karatasi, hasa Klebsiella pneumoniae, na wakati mwingine hata kwenye diski za kabapenemu, ambazo madaktari huziweka kama akiba ya mwisho.

Ninaandika majibu, yanakwenda kwa daktari wa mgonjwa huyo mmoja, na mambo yanaishia hapo. Kwa muda sasa nimekuwa nikiandika katika daftari langu mwenyewe wodi ambayo kila sampuli sugu imetoka, umri wa mgonjwa, na kama alikuwa amelazwa kwa muda mrefu kabla ya kupata maambukizi, kwa sababu ninaona kama sampuli hizo zinakuja kwa mafungu kutoka wodi zilezile. Nimewahi kulieleza jambo hili kwa wakubwa wangu, nao walinisikiliza kwa adabu, lakini hakuna aliyeniuliza swali la pili.

Sasa nataka kusoma shahada ya uzamivu. Profesa aliyenisimamia katika uzamili amenipa nafasi yenye ufadhili kamili katika mradi wake wa kuchunguza umbo la kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kuvunja dawa. Upande wa pili, idara ya epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea katika watu, katika shule moja ya afya ya jamii imesema iko tayari kulisikiliza wazo langu, ila haina fedha za kunipa. Mkuu wangu wa maabara ananionya kwamba mshika mbili moja humponyoka: nikichanganya baiolojia na afya ya jamii, wanabaiolojia wataniona mpiga siasa wa afya, na wataalamu wa afya ya jamii wataniona fundi wa maabara. Profesa anataka jibu kabla ya mwisho wa muhula. Je, nichague mlango upi, na je, ni kweli kwamba anayesimama katikati huishia kuwa si huyu wala si yule?

Mtaalamu wa Maabara

*

Ndugu Mtaalamu,

Isome tena barua yako, hasa pale unapokitaja kimeng'enya. Kimetajwa mara moja tu, pale unapoeleza nafasi aliyokupa profesa, na baada ya hapo hukirudii. Hujaandika kwamba unatamani kujua kinavyoishika dawa, wala kwamba umbo lake linakunyima usingizi. Umeandika habari za wodi, umri, muda wa kulazwa na mafungu ya sampuli. Mtu huweka daftari la jambo linalomsumbua kweli, na daftari lako linauliza nani anaambukizwa, wapi, na kwa njia gani. Hilo ni swali la epidemiolojia ambalo haliwezi kujibiwa bila baiolojia, na mimi ningelitanguliza hilo kabla ya kutazama jina la idara au la chuo.

Nitaeleza kwa nini nasema haliwezi kujibiwa kwa upande mmoja, kwa kuwa hapo ndipo wasiwasi wa mkuu wako unapopata jibu. Chukua wodi moja ambayo imetoa sampuli kadhaa za Klebsiella isiyosikia kabapenemu ndani ya kipindi kifupi. Yapo maelezo matatu yanayowezekana. La kwanza ni kwamba bakteria wa ukoo mmoja wanahama kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mgonjwa kupitia mikono ya wahudumu, sinki, au vifaa kama mipira ya mkojo. La pili ni kwamba bakteria wenyewe ni wa koo tofauti, pengine hata spishi tofauti, lakini wanapeana plasmidi, yaani kile kipande cha DNA cha mviringo kinachobeba jeni la usugu na kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. La tatu ni kwamba hakuna uhusiano wowote kati yao: kila mgonjwa alikuja na wake, na matumizi makubwa ya dawa wodini yamewapa nafasi ya kutawala. Katika hali ya kwanza hospitali inapaswa kukazia usafi wa mikono na kuwatenga wagonjwa; katika hali ya pili inapaswa kutafuta hifadhi ambamo plasmidi inazunguka, na mara nyingi mabomba ya maji machafu huwa miongoni mwa washukiwa; katika hali ya tatu tatizo liko kwenye utaratibu wa kuandika dawa. Pleti zako haziwezi kuzitofautisha hali hizo tatu, kwa sababu kwenye agari zote zinaonekana sawa. Kusoma mpangilio wa jenomu nzima, yaani DNA yote ya bakteria, kunaweza kuzitofautisha, lakini kwa sharti kwamba una tarehe, wodi, na historia ya kila mgonjwa alikolazwa. Jenomu mbili zinazofanana zikikosa taarifa hizo hazikwambii kama wagonjwa hao waliwahi hata kuwa chini ya paa moja.

Upo pia mtego ambao wataalamu wengi wa maabara hawauoni mpaka wakae darasani na mwanaepidemiolojia. Unasema unaona pleti nyingi zisizo na duara. Nyingi kati ya zipi? Sampuli zinazofika kwako hazikuchaguliwa kwa kura. Mara nyingi daktari huagiza kipimo cha kuotesha baada ya dawa ya kwanza kushindwa, na mgonjwa aliyepona kwa dawa hiyo hakuletii kitu. Kwa hiyo kiwango cha usugu unachokiona benchini kinaweza kuwa cha juu kuliko kile kilichoko kwa wagonjwa wote, na kinaweza kupanda kwa sababu tu madaktari wamebadili tabia ya kuagiza vipimo, bila bakteria wenyewe kubadilika hata kidogo. Sisemi kwamba umekosea. Huenda macho yako yameona jambo la kweli kabisa. Ninachosema ni kwamba mtahini wa tasnifu atauliza hilo katika dakika za mwanzo, na elimu ya kumjibu haipatikani katika mradi wa umbo la kimeng'enya.

Historia ya taaluma hii yenyewe ina mfano ambao siuchoki. Mwaka 1854, daktari John Snow aliwahesabu waliokufa kwa kipindupindu karibu na pampu ya Broad Street, London, akaonyesha kwamba maji ndiyo yaliyokuwa yakibeba ugonjwa, ingawa hakuwa na kiumbe chochote cha kuwaonyesha waliompinga. Mwaka huohuo, Filippo Pacini akiwa Florence alichapisha maelezo ya vijidudu alivyoviona kwa hadubini kwenye utumbo wa watu waliokufa kwa ugonjwa huo. Mmoja alikuwa na ramani, mwingine alikuwa na kijidudu, na kazi zao hazikukutana. Kazi ya Pacini haikutiliwa maanani, na dunia ilisubiri takriban miaka 30 mpaka Robert Koch alipokitambulisha kimelea hicho kwa namna iliyokubalika. Anayedhani kwamba fani hizi mbili ni mashamba mawili yenye ua katikati na ahesabu miaka hiyo.

Hata hivyo, mkuu wako hakusema upuuzi, na ningependa uichukue nusu ya onyo lake. Wapo wahitimu wa uzamivu ambao walichukua kidogo huku na kidogo kule, wakamaliza bila kujua jambo lolote kwa kina cha kutosha kulitetea mbele ya mtu anayelijua. Wanaweza kuzungumza na kila mtu kwenye mkutano, lakini hakuna anayewaita panapokuwa na kazi ngumu. Dawa ya hilo ni kuwa na upande mmoja wenye mzizi na upande wa pili unaoumudu kiasi cha kutosha kufanya kazi na wenyewe bila mkalimani. Wewe mzizi tayari unao. Unajua kuotesha, unajua kutenga bakteria safi, unajua pleti inapodanganya, na hayo si mambo ya kudharauliwa, kwa maana wapo wachambuzi wengi wa jenomu ambao hawajawahi kugundua kwamba sampuli yao ilichafuliwa kabla haijafika kwenye mashine. Unachokosa ni takwimu na epidemiolojia. Kwa hiyo, popote utakapokwenda, mpango wako wa masomo lazima uwe na kozi hizo kwa maandishi, si kwa ahadi ya kwamba utahudhuria ukipata nafasi. Nafasi haipatikani.

Kuhusu soko, ambalo naona ndilo lililojificha nyuma ya swali lako la mwisho, sina wasiwasi mkubwa. Mwaka 2015 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliidhinisha mpango wa utekelezaji dhidi ya usugu wa vimelea kwa dawa, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaanzisha mfumo wa kimataifa wa kukusanya takwimu za usugu huo kutoka katika nchi. Makadirio yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2022 yalihusisha moja kwa moja usugu wa bakteria na vifo takriban milioni 1.27 katika mwaka 2019, na waandishi wake walieleza wazi kwamba maeneo mengi ya dunia yalikuwa na takwimu chache mno. Watu wanaoweza kuitazama pleti na kuihoji takwimu kwa pamoja ndio hasa wanaokosekana hapo.

Sasa milango yako miwili. Nitaanza na ule usio na fedha, kwa sababu jibu lake ni fupi: usiuingie kama ulivyo sasa. Uzamivu katika sayansi za maabara haugharimu karo tu; unagharimu vitendanishi, yaani kemikali za majaribio, usomaji wa jenomu, nafasi kwenye friji za baridi kali na miaka ya maisha yako. Mwanafunzi anayejilipia huishia kuchagua swali kulingana na mfuko wake. Endelea kuzungumza na idara hiyo, lakini mazungumzo yawe ya kutafuta ufadhili pamoja, na mtu wao mmoja awe tayari kuweka jina lake kwenye ombi.

Mlango wa profesa una fedha, na fedha ni jambo zito ambalo sitakudanganya kwamba ni la kupuuzwa. Mradi wa umbo la kimeng'enya ni sayansi safi; kuna dawa zinazobuniwa kwa kuelewa maumbo ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba ni swali lake, na wewe utaishi nalo kila asubuhi, ikiwemo ile miezi ambayo protini inakataa kutengeneza fuwele za kuchunguzia umbo lake na hakuna anayejua kwa nini. Mtu huivumilia miezi hiyo kwa sababu anataka jibu. Wewe, kwa ushahidi wa barua yako mwenyewe, hulitaki kiasi hicho. Kwa hiyo usimjibu kwa ndiyo wala kwa hapana. Muulize kama mradi unaweza kupindishwa. Vimeng'enya hivyo vina aina nyingi, na jeni zake ndizo hasa zinazosafiri kwenye plasmidi. Upo uwezekano wa tasnifu inayoanzia kwenye bakteria waliotengwa hospitalini, ikasoma jenomu zao, ikafuatilia ni aina ipi ya kimeng'enya inayoenea wodi ipi, na sura moja tu ikaingia kwenye umbo la aina iliyojitokeza zaidi. Profesa anapata takwimu za kuupa mradi wake uzito, nawe unabaki na swali lako. Ukiomba hivyo, omba pia msimamizi wa pili kutoka epidemiolojia ambaye atakuwa na sauti ya kweli katika kamati yako, si jina la kupamba fomu.

Asipokubali, ipo milango mingine ambayo barua yako haikuitaja. Vipo vyuo ambavyo vimeuondoa ua huo katika muundo wenyewe. Harvard ina programu ya uzamivu ya sayansi za kibaiolojia katika afya ya jamii; Shule ya Afya ya Jamii ya Johns Hopkins, iliyoanzishwa mwaka 1916, ina idara ya mikrobiolojia ya molekuli na kinga ndani yake; London School of Hygiene & Tropical Medicine, ya mwaka 1899, huwaweka wanamaabara na wanatakwimu katika taasisi moja. Sivitaji ili uvitamani kwa majina. Ninavitaja ili uone kwamba unachokiita katikati kina watu, majengo na historia ya zaidi ya karne moja.

Ujue tu kwamba mifumo inatofautiana, na tofauti hiyo inabadilisha namna ya kuomba. Nchini Marekani kwa kawaida unaomba kuingia kwenye programu, unasoma kozi katika miaka ya mwanzo, unazunguka katika maabara chache kabla ya kuchagua msimamizi, unafanya mtihani wa kukupima kama unafaa kuendelea, na safari nzima huchukua takriban miaka 5 au 6. Programu nyingi za sayansi za kibaiolojia humlipia mwanafunzi wa uzamivu karo na kumpa posho. Nchini Uingereza kwa kawaida unaingia moja kwa moja kwenye utafiti, mara nyingi ukiwa tayari na msimamizi na andiko la utafiti, na unatarajiwa kumaliza katika miaka 3 au 4. Kwa mtu mwenye pengo la takwimu kama wewe, mfumo wenye kozi una faida kubwa, ingawa ni mrefu. Jihadhari pia usichanganye uzamivu wa utafiti na ule udaktari wa kitaaluma wa afya ya jamii unaowaandaa viongozi wa mifumo ya afya. Ni shahada nzuri, lakini haitakurudisha kwenye bakteria wako.

Kuhusu msimamizi nitakaza zaidi kuliko nilivyokaza kuhusu chuo, maana wanafunzi wengi huacha uzamivu kwa sababu ya mtu, si kwa sababu ya somo. Usimuulize yeye kama ni msimamizi mwema. Waulize waliomaliza chini yake, na hasa wale walioacha, kama unaweza kuwapata. Uliza walichukua muda gani, nani huandikwa wa kwanza kwenye makala, rasimu ya sura hukaa mezani kwake kwa muda gani kabla ya kurudi, na nini hutokea jaribio linaposhindwa. Swali hili la mwisho ndilo linalofichua mengi. Katika maabara nzuri utasimuliwa jaribio lililoshindwa na walichojifunza. Katika maabara mbaya utasikia ukimya, au utasikia jina la mwanafunzi aliyelaumiwa.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo lilinifanya nisimame, nalo ni hilo daftari. Taarifa za wagonjwa ulizoandika humo, hata kama hazina majina, hazikukusanywa kwa kibali cha utafiti, na huwezi kuziweka kwenye andiko lako kama matokeo. Tangu Azimio la Helsinki la mwaka 1964, utafiti unaohusu binadamu umekuwa na misingi yake, na matoleo ya baadaye ya azimio hilo yanataja bayana kwamba utafiti wa sampuli na taarifa zinazotambulika umo ndani yake. Wodi, umri na tarehe vikiwekwa pamoja vinaweza kumtambulisha mtu. Lifungie daftari hilo kazini, usilipige picha, na nenda ukaulize kamati ya maadili ya hospitali yako utaratibu wa kuomba kutumia kumbukumbu za maabara zilizopita. Mara nyingi upo, na kibali cha namna hiyo, kikiwa na uchambuzi mdogo wa kumbukumbu za maabara, ni silaha kubwa kuliko cheti chochote utakachoambatanisha kwenye ombi.

Hapo ndipo ningekushauri uutumie muda kabla ya muhula kuisha. Anza kujifunza R, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, ambayo ni ya bure na ndiyo utakayokutana nayo katika sehemu nyingi za fani hii. Katika barua ya maelezo binafsi usianze na utoto wako wala mapenzi yako kwa sayansi. Anza na pleti isiyo na duara, sema ulichokishuku, sema kwa nini pleti haiwezi kukithibitisha, kisha sema ungehitaji nini. Waombe barua za mapendekezo watu waliokuona ukifanya kazi. Fundi mkuu anayeweza kueleza jinsi ulivyogundua sampuli iliyochafuliwa ana uzito kuliko mkuu wa kitivo asiyekumbuka sura yako. Mambo ya vyeti, tafsiri na mitihani ya lugha yasome kwenye masharti ya kila chuo, kwa kuwa hutofautiana.

Kwa profesa andika wiki hii. Mshukuru kwa nafasi, mweleze katika aya moja swali lako la maambukizi ya wodini, mwombe mkutano wa kuzungumzia kama mradi unaweza kuanzia kwenye bakteria wa hospitali na kuwa na msimamizi wa pili, na mwombe pia majina ya wanafunzi wake wawili waliomaliza ili uzungumze nao. Akikubali yote matatu, chukua nafasi hiyo. Akikubali msimamizi wa pili lakini akakataa bakteria wa hospitali, mshukuru tena na utume maombi kwenye programu za mchanganyiko. Nyingi za Marekani hufunga dirisha la maombi mwezi Desemba. Na asipotaka uzungumze na wanafunzi wake, hapo huna haja ya kusubiri mwisho wa muhula.

Mshauri